Kipawa cha Jirani wa Juu

Sina jino bovu. Naanza hapo kwa sababu tangu utotoni nimekuwa nikisema ninalo. Nimewaambia wanafunzi wangu, nimewaambia akina mama wa kanisa, na nimemwambia daktari wa meno mmoja mjini Kericho, kijana mpole aliyeipiga picha taya yangu akanionyesha kwa ncha ya kalamu kwamba kila kitu kiko salama. Mimi nikashikilia kwamba linauma. Mwishowe akaling'oa, kwa uso wa mtu anayemtii mteja huku akimhurumia. Haukupita muda, baridi ikarudi palepale, safari hii bila jino la kusingiziwa, na alasiri hiyo mvua ya mawe ikapiga mabati mpaka ng'ombe wakalia.

Basi nakiri. Huwa naisikia mvua ya mawe kabla haijafika. Asubuhi, anga ikiwa safi, ufizi wangu wa mbele huingia baridi kama wa mtu aliyeuma chuma alfajiri, na ikifika saa nane au saa tisa mchana, mawe yanashuka. Sijui ni kwa nini. Nina shahada mbili, zote za Kiswahili, na hakuna hata moja inayonisaidia hapa. Nimelikana jambo hili kwa woga tu. Nilimjua mtu mwingine aliyekuwa nalo, nikaona lilimfikisha wapi, na sikutaka kufikishwa huko.

Mtu huyo tulimwita Jirani wa Juu. Shamba lake la chai lilikuwa juu ya letu, pale mteremko unapokutana na barabara ya lori la kiwanda, kwa hiyo maji ya mvua, moshi wa jikoni mwake na maoni yake yote yaliteremka kwetu. Wadogo walimwita kogo, yaani nyanya, naye aliitikia kama mtu aliyeitwa kulipa faini. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likichoma, na mfuko wa aproni yake haukukosa kisu cha kupogolea. Hakuogopa fahali wala chifu, lakini paka akiingia jikoni alipanda juu ya kiti na kuita msaada. Alikuwa mchoyo wa mboga, angejua jani la sukuma wiki likipungua, lakini maziwa aliyagawa bila kupima. Na alikuwa mkulima wa chai asiyekunywa chai. Alisema ameiona ikiwa uchi tangu asubuhi, hawezi tena kuiheshimu jioni.

Lugha yake ilikuwa Kipsigis, kama yangu, lakini kwenye ua wetu alipenda kuongea Kiswahili. Nilimwuliza sababu nilipokuwa mwanafunzi wa chuo na nikidhani kila mtu ana nadharia.

"Kipsigis ni ya kugombana na watoto wangu," alisema. "Jirani nampatia Kiswahili. Haiingii ndani sana."

Asiyeishi na chai huenda akadhani mvua ya mawe ni mvua tu yenye kiburi. Huku kwetu ni mwizi anayekuja mchana. Inaweza kushukia mteremko mmoja na kuuacha wa ng'ambo ukiota jua. Ikipita, vichaka vilivyokuwa vimejaa majani mawili na chipukizi vinabaki vijiti, na mtu anakaa majuma bila majani ya kupima kituoni, pale lori la kiwanda linapoyachukua, huku shule, duka na hospitali havijui kwamba kwake kumenyesha. Lakini ukijua asubuhi kwamba alasiri inakuja, unaweza kuchuma yaliyokomaa yakapanda lori kabla. Hiyo ndiyo tofauti aliyokuwa nayo Jirani wa Juu mikononi mwake, au tuseme kinywani mwake, kwa maana naye aliisikia kwenye ufizi.

Hakuna aliyekwenda kumwuliza. Nadhani hii ndiyo sehemu ngumu zaidi kumweleza mtu wa mbali. Mteremko ulikuwa na adabu yake: mtu mwenye jambo kama hilo haulizwi, kwa sababu ukimwuliza umemfanya awe kitu, na wewe umekuwa mtu aendaye kwa watu wa namna hiyo. Sisi ni Wakristo. Kwa hiyo tulitazama kamba yake ya nguo. Ilikuwa imefungwa kati ya mikaratusi miwili, juu kabisa, ikionekana kutoka kila shamba hadi chini mtoni. Jua likiwaka na nguo zake bado zina maji, akitoka na kuzianua, basi vikapu vilitoka kila mlango. Hakuna aliyesema kitu. Mama yangu alivaa aproni ya plastiki na kutangaza, kana kwamba amewaza mwenyewe, kwamba leo ni siku nzuri ya kuchuma. Kituoni karani alikuwa akishangaa jinsi watu wa upande wetu wanavyobahatika.

Mara moja adabu hiyo ilitutia aibu. Asubuhi moja alianua nguo zote, haraka, akizikumbatia kama mtoto aliyeungua. Mteremko mzima ukaingia shambani. Tulichuma yaliyokomaa, tukachuma yasiyokomaa, wengine wakavua mpaka majani ambayo mtu mzima angeona haya kuyashika. Jua likawaka siku nzima bila wingu hata la mapambo. Lori la kiwanda likajaa likaondoka, na vilima vya majani vilivyobaki vikaanza kupata moto na kuwa vyeusi chini ya paa la kituo. Jirani wa Juu akateremka na kikapu chake kidogo cha kawaida, akauona umati.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mwenyekiti wa kituo akasogea. Huyu ni mwanamume mpole, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kuomba radhi hata anapokusalimia.

"Kogo, ulitoa nguo."

"Nguo ni yangu."

"Tulifikiri ni ile kitu ya mvua."

"Ni mbuzi," alisema. "Amekula kitambaa yangu ya kanisa. Nilikuwa naangalia kama amekula na ingine."

Nilicheka mpaka nikaegemea nguzo. Nikacheka peke yangu kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, kisha nikatazama nyuso za wenzangu na kicheko kikaniishia. Walikuwa wanamtazama kama watu walioibiwa na mtu waliyemwamini. Mwanamke mmoja alimwambia, bila kupandisha sauti, "Siku ingine usituchanganye." Jirani wa Juu akapima majani yake, akapanda kwake. Naikumbuka sentensi ile kwa sababu naye aliikumbuka.

Wakati ule bado tulisema ana kipawa. Tulilisema kanisani, Jumapili ya shukrani ya mavuno, pale Mwenyekiti aliposimama na kumshukuru Mungu kwa "mama yetu mwenye kipawa," bila kusema kipawa cha nini, na watu wote wakapiga makofi wakitazama mbele. Mchungaji akadaka neno, akaingia kwenye mfano wa yule mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini. Tulipokuwa tukitoka, nilikuwa nyuma ya Jirani wa Juu. Alikuwa amekasirika.

"Yule mtu wa kufukia," aliniambia, "kila mwaka wanamsema. Hakuna mtu anauliza alikuwa anaogopa nini."

"Lakini kogo, kipawa ni jambo jema."

"Nani alikuambia? Ulipewa na nani, ukaulizwa kama unataka?"

Mwalimu wa chuo akishindwa ana dawa yake moja. Nilikwenda nikaandika makala. Nilitenganisha kipaji, kipawa, karama na talanta. Nilieleza kwamba kipaji tunakisikia kikikua kwa mazoezi, kipawa kimetolewa na mtoaji asiyetajwa, karama ina Mungu ndani yake, na talanta ilitoka kanisani ikahamia redioni, ambako sasa hata mtu wa kula mayai mengi anayo. Ilikuwa makala safi. Ilisomwa na mhariri, na nina shaka kama aliimaliza. Haikutaja popote kwamba neno kipawa hatulitumii kwa kila uwezo wa kuzaliwa nao. Tunalitumia kwa uwezo usiotutisha. Mtoto akikimbia kama swara, ana kipawa. Akiimba mpaka wazee watokwe machozi, ana kipawa. Akijua kabla ya wengine jambo ambalo hakuna njia ya kulijua, tunalitumia neno hilo kwa muda, kama mtu anayemwazimisha mwenzake koti, na tunakumbuka kwamba siku yoyote tunaweza kulidai.

Yeye alilijua hilo. Watu walionusurika walimpelekea sukari na sabuni, kwa siri, wakidai wamepita tu kusalimia. Alizirudisha zote. Nilimkuta siku moja akimkabidhi jirani pakiti yake ya sukari kupitia ua.

"Chukua, nisaidie," alikuwa akisema. "Ukinilipa leo, siku nitakosea utakuja kudai."

"Kogo, wewe hukosei."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," alimjibu.

Sasa nirudi kwenye jino, kwa maana jino lilikuwa wazo la mama yangu. Nilikuwa bado shule ya msingi. Tulikuwa tukichuma, mimi mistari ya chini ambako vichaka vilinifika kifuani, nikamwambia kwamba ufizi wangu una baridi kama ule wa Jirani wa Juu. Nilikuwa nimemsikia mwenyewe akimweleza mama juu ya ua jinsi inavyomshika, na nilifurahi kuwa na kitu kimoja na mtu mrefu hivyo. Mama aliacha kuchuma. Alikuja akanishika taya kwa mkono uliokuwa na utomvu wa kijani.

"Nani amekuambia useme hivyo?"

"Hakuna mtu."

"Ni jino."

"Si jino, mama. Ni hapa mbele, kwa nyama."

"Ni jino," alisema. "Mtu akiuliza, utasema ni jino. Sema."

"Ni jino."

Alikuwa mwanamke asiyetishika, aliyemzaa mdogo wangu njiani na kuendelea na safari. Siku hiyo hakuniachia taya mpaka niliposema tena. Sikujua alichokuwa akiogopa, lakini mtoto hahitaji kujua. Anapokea woga mzima kama anavyopokea jina. Alasiri mawe yakashuka, nasi tukiwa tumechuma, kwa sababu nguo za juu zilikuwa zimeanuliwa. Mama hakunitazama siku nzima.

Jirani wa Juu aliniuliza mara moja tu, nikiwa mtu mzima, nimerudi kukaa katika nyumba ya mama baada ya kumzika. Tulikuwa tunaongea juu ya ua, asubuhi, nami bila kufikiri nilikuwa nimeuweka mkono mdomoni. Aliutazama.

"Na wewe? Inakushika wapi?"

"Jino tu, kogo."

Alikubali kwa kichwa, taratibu.

"Mama yako alikuwa na akili," alisema. "Mimi ningekuwa na mama kama huyo, saa hii pia ningekuwa na meno mbaya."

Akageuka akaenda kuanua nguo.

Mvua iliyomwondoa ilikuja mwaka juzi. Asubuhi hiyo nilikuwa chuoni Kabianga nikifundisha, na katikati ya sentensi kuhusu viambishi niliushika mdomo, hata mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Madam, uko sawa?" Nilisema ni jino. Nilikuwa tayari nimeling'oa. Nikaendelea na viambishi, nikijiambia kwamba kule nyumbani kamba ipo, ina mwenyewe, na watu wana macho.

Kamba ilikuwa na nguo. Jirani wa Juu alikuwa ameamua, tangu siku ya mbuzi, kwamba hatamchanganya mtu tena. Siku hiyo aliisikia baridi kuliko alivyowahi kuisikia, akatoka, akazitazama nguo zake, akazitazama nyumba zote zilizokuwa chini zikimtazama, akaingia ndani akafunga mlango. Nguo zikabaki. Watu wakaona nguo ziko nje, wakaenda sokoni, wakaenda kwenye mazishi, wakalala. Chai ilikuwa imekomaa mteremko mzima, ikingoja siku yake ya lori.

Nilifika jioni. Sikuitambua njia yetu. Vichaka vilisimama kama mifagio, na mawe yalikuwa bado yamerundikana kwenye mitaro, meupe, yakitoa moshi wa baridi. Juu, kwenye kamba, sare yake nyeupe ya kanisa ilikuwa imetoboka kama chujio. Hiyo tu ingemwokoa, nilidhani. Mtu anayejua haachi sare yake iharibiwe.

Mkutano ulifanyika kituoni. Mwenyekiti alisimama mikono imefumbatwa.

"Mimi sisemi kitu," alianza.

"Sema," Jirani wa Juu alimwambia. "Nimeacha ng'ombe bila maji."

"Siku ile nguo zako zilikuwa nje, kogo."

"Zilikuwa nje. Enda uzione, zimekuwa neti."

"Lakini ndama alikuwa ndani ya nyumba. Kuna mtu aliona. Ulimwingiza asubuhi, jua likiwaka."

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye mizani; Jirani wa Juu aliyatazama.

"Ndama ni mtoto," alisema. "Nguo ni nguo."

"Kwa hivyo ulijua," alisema yule mwanamke wa siku ya mbuzi.

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Wewe ndiye uliniambia nisiwachanganye. Nikasema kila mtu aangalie juu na macho yake."

Angeweza kusema ndama alikuwa anaumwa. Niliketi pale nikimwombea adanganye, mimi mtaalamu wa fani hiyo, na hakujaribu. Mwenyekiti alizungumza tena, kwa upole uleule. Kanisani alikuwa ameliita kipawa. Sasa alisema "mambo yake". Kabla mkutano haujaisha ilikuwa "hiyo kitu iko na yeye". Kisha mzee mmoja akauliza kama mtu anayejua mvua inakuja hawezi pia kuwa anajua imetoka wapi, na baada ya swali hilo jambo lile halikuwa na jina tena. Watu waliliashiria kwa kidevu, upande wa juu. Nilikuwa nimeandika makala nzima kuhusu neno hilo, na nililiona likiondoka mbele yangu bila kuweza kulishika mkia.

Yaliyofuata yalikuja polepole, na kila moja lilikuwa dogo. Maziwa yake yalianza kurudishwa kutoka mahali pa kukusanyia, eti yamechacha. Kanisani benchi lake likawa na nafasi pande zote mbili. Asubuhi moja akakuta lango lake limetolewa bawaba na kulazwa chini kwenye njia, vizuri, bila kuvunjwa, misumari imepangwa juu yake. Hakuna kilichoibwa. Chifu akasema ni watoto wanacheza. Tulilirudisha mimi na yeye. Baada ya siku chache lilikuwa limelazwa tena, na safari hii juu ya kigoda chake cha kukamulia kulikuwa na kiberiti kipya, hakijafunguliwa.

Aliniita nikione. Nilikitazama, nikakaa chini kwenye majani yenye umande. Sote tunajua habari za akina mama wazee wa sehemu nyingine na nyumba zao. Hatuzisemi, lakini tunazijua.

"Usikae hapo, utashikwa na baridi," alisema. Alikichukua kiberiti, akakitikisa sikioni, akaingia jikoni. Nilisikia akiwasha moto.

"Kogo, hicho usitumie."

"Kwa nini? Yangu ilikuwa imeisha."

Alichemsha maziwa, tukanywa. Alijiongezea kikombe cha pili, mimi nikiwa bado nimeshikilia cha kwanza. Mchana binti yake alikuja na pikapu kutoka Siongiroi. Walipakia godoro, ndama, ng'ombe na zile nguo zilizotoboka. Majirani walisaidia kubeba. Hilo ndilo linalonitisha zaidi nikilikumbuka: walisaidia, kwa adabu, wakamwambia asafiri salama, na Mwenyekiti alifunga kamba ya mzigo kwa mikono yake.

Nilikwenda kumwona mwaka huu, kabla ya mvua. Siongiroi ni nchi nyingine: hakuna chai, kuna vumbi, mahindi na ng'ombe wa mnada. Binti yake ana duka la dawa za mifugo karibu na soko, na Jirani wa Juu alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, bila kofia. Sikuwa nimewahi kukiona kichwa chake. Kilikuwa kidogo, cheupe, kama cha mtu mwingine.

"Huku wananiita mama ya duka," alisema. "Hakuna mtu anaangalia nguo yangu."

"Na ufizi?"

"Umenyamaza. Nilifikiri nitafurahi. Ni kama mtu ametoka nyumbani na hajasema anaenda wapi." Alinikazia macho. "Na wewe uling'oa."

"Nani amekuambia?"

"Ukicheka inaonekana. Ilisaidia?"

Niliufunika mdomo kwa kiganja. Ng'ombe walipita mbele yetu wakiswagwa, vumbi likatufunika, tukangoja litulie.

"Wakikuuliza, utasema nini?" aliniuliza.

"Nitasema sijui."

"Ni sawa. Lakini ukisema haujui na unajua, na chai ya watu ikaisha, hautalala. Ukisema unajua, hautalala pia. Mimi nimejaribu zote mbili." Aliupangusa mkono wa kiti kwa kiganja. "Usiniulize gani ni afadhali. Kama ningejua ningekuwa nyumbani kwangu."

Niliporudi nilikuwa nimeshapata ujanja, au nilidhani hivyo. Nilipakua kwenye simu programu ya hali ya hewa, ili niwe na wa kusingizia. Mvua zilipoanza, ufizi ukiingia baridi, nilikwenda mpaka njiani nikingoja mtu apite, nikamwonyesha simu kwa mbali na kusema, "Naona hii imeandika kutakuwa na mawe." Watu wakachuma. Mawe yakashuka, wao wakiwa wamechuma. Nilijisifu. Nilikuwa nimeipa mashine kipawa changu, na hakuna mtu huchoma mashine.

Jumanne iliyopita niliamka kinywa chote kikiwa barafu, hadi puani. Anga ilikuwa safi. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kusema njiani simu ilipolia. Alikuwa Mwenyekiti.

"Madam, habari ya asubuhi. Umeamka salama?"

"Salama, Mwenyekiti."

"Mungu ni mwema. Nilikuwa nauliza tu. Siku yetu ya lori ni Alhamisi. Lakini naweza ongea na kiwanda walete leo. Sasa watu wanauliza, ni leo ama tungoje?"

"Mimi ni mwalimu wa Kiswahili," nilisema. "Kuna hiyo programu ya simu, hata wewe unaweza—"

"Niko nayo, madam. Kijana wangu aliniwekea. Imeandika jua mpaka Ijumaa."

"Basi ni jua."

"Na ile siku ingine pia iliandika jua. Wewe ulisema imeandika mawe. Nikafungua yangu, nikaangalia. Nikanyamaza." Alikohoa kidogo, kwa heshima. "Watu wamekuona kwa dirisha tangu alfajiri umeshika mdomo. Usiogope, madam. Hakuna mtu anasema vibaya. Ni kipawa tu."

Nilisogea dirishani na simu sikioni. Mteremko wote ulikuwa umejaa watu, aproni za njano na za buluu, wamesimama kwenye vijia kando ya mashamba yao na vikapu vitupu migongoni. Hakuna aliyekuwa anachuma. Hakuna aliyekuwa anaongea na mwenzake. Wote walikuwa wameelekea nyumba yangu.

"Madam?" alisema. "Ndiyo ama hapana, basi."

"Leo," nilisema, nikiuweka mkono mdomoni bila kufikiri. "Mmalize kabla ya saa saba."

Alikuwa bado hajanijibu, bado namsikia akivuta pumzi aseme kongoi, asante ya kwetu, na chini huko vikapu vilikuwa vimeshaanza kuingia mistarini, vyote kwa pamoja.